Joto la Chumba Kipi?

Sentensi yenyewe niliiandika mimi, kwa wino mweusi na kwa kiburi: "Magnesiamu haimenyuki na alkoholi katika joto la kawaida la chumba." Yaani zikutanishe hizo mbili, zitakaa kama abiria wasiojuana, hakuna atakayemsemesha mwenzake. Nikagonga muhuri wa maabara, nikampelekea meneja, nikarudi kwenye kiti changu mgongo umenyooka. Siku nne baadaye sentensi hiyo hiyo ilikuwa inamfukuza mjomba wangu kazi.

Mjomba ni mkereza vyuma. Miaka kumi na tisa amesimama mbele ya kerezo, mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikimenya kama chungwa. Kiwanda chetu hutengeneza vipuri vyepesi, na metali yenyewe ni magnesiamu, nyepesi mpaka ukiibeba unadhani umepunjwa. Kisu kikipita hubanduka vinyuzi vinavyojiviringa. Karakana nzima inaviita maranda, kama ya seremala. Maranda hayatupwi. Huoshwa mafuta, yakakaushwa, yakarudi tanuruni kuyeyushwa upya. Kwa maji hayaoshwi, maana magnesiamu na maji hawaelewani. Huoshwa kwa spiriti, yaani alkoholi. Na ikifika mwisho wa juma mafundi wana mtindo wao: wanayaloweka maranda kwenye madebe, wanabana vifuniko kwa komeo la chuma ili spiriti isipotelee hewani, wanakwenda zao kupumzika. Miaka tisa wamefanya hivyo, hakuna debe lililokohoa.

Jumatatu ile mjomba alifungua komeo la debe la kwanza. Kifuniko kikaruka kama kofia ya mtu aliyezabwa kofi. Hatua tano kando, jiwe la kunolea lilikuwa likitema cheche kama litemavyo kila siku. Ukawaka moto mmoja, mkubwa, wa kufumba na kufumbua. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kiwikoni, na nyusi zote mbili zikaenda.

Sasa, balaa la mjomba ni sigara. Kazini wanamwita Dohani, bomba la moshi. Ndani ya karakana havuti. Huiweka mdomoni bila kuiwasha, akaitafuna kitako kutwa nzima, na akivuka geti ndipo anatoa kiberiti. Kila mtu anajua hivyo. Lakini walipomwinua sakafuni sigara ilikuwa bado mdomoni, na ncha yake ilikuwa nyeusi.

"Ncha imeungua," meneja akasema.

"Na nyusi zangu zimeungua," mjomba akamjibu akiwa chali. "Nazo nilikuwa nazivuta?"

Kuna jambo moja alilishikilia hata walipokuwa wanampakia garini: kifuniko kiliruka kwanza, moto ukaja baadaye. Spiriti iliyotulia hairushi kifuniko. Kuna kitu kilikuwa kimejaa humo ndani kikitafuta mlango. Ndipo meneja akaniita mimi, mpimaji wa maabara, ambaye mafundi wananiita Bi Chupa, akaniuliza: je, magnesiamu na spiriti vinaweza kutoa gesi vyenyewe, bila moto?

Kabatini mwangu kuna chupa yenye utepe wa magnesiamu, ulionunuliwa maabara ilipofunguliwa. Nilimwambia mtunza stoo aniletee spiriti wanayotumia karakana, akaniletea nusu chupa. Nikakata kipande, nikakitumbukiza, nikatazama saa. Dakika kumi, kimya. Na chuoni ndivyo nilivyofundishwa: sodiamu ndiyo yenye pupa, ukiitia kwenye alkoholi inatokota papo hapo, magnesiamu mpaka uichokoze. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na muhuri. Nikaandika.

Msidhani simpendi mjomba. Nilijua wazi ninaandika kinyume chake. Niliamini ukweli hauna mjomba wala shangazi, na mpaka leo naamini hivyo. Kosa langu lilikuwa mahali pengine.

*

Mama hakunifokea. Afadhali angefoka. Siku ya mapumziko, mchana, aliweka vikombe vitatu vya chai mezani, akamkunjia kaka yake mkono wa shati upande wa bandeji, akasema bila kunitazama:

"Nilikusomesha ili uje umzike kaka yangu kwa kalamu?"

"Mama, nimeandika nilichokiona."

"Na yeye amesema alichokiona. Mbona chako kina muhuri na chake kina bandeji?"

"Mwache mtoto, dada," mjomba akasema. Bila nyusi alionekana kama mtu anayeshangazwa na kila kitu, hata kijiko. "Mpwa wangu, hebu nieleze. Ulitumia magnesiamu gani?"

"Ya kwenye chupa, ya maabara."

"Ile ya kijivu?"

"Ndiyo."

"Ina umri gani?"

"Tangu maabara ifunguliwe."

Alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu. "Basi ulimtosa bibi kizee majini na koti lake la mvua, ukashangaa halowi! Yangu inatoka kwenye kisu dakika hiyo hiyo, inang'aa kama jino la mtoto. Ukiiacha juma zima inapiga ukungu. Ni vitu viwili hivyo, mpwa wangu."

Nilihisi masikio yanawaka. Magnesiamu ikikaa hewani hujivika utando wa oksidi, ngozi nyembamba inayoikinga isiguswe na kitu. Ni somo la mwaka wa kwanza. Nililifanyia mtihani, nikapata alama ambazo mama alizionyesha kwa majirani. Na kile kipande changu sikukikwangua hata kwa kucha.

"Lakini Mjomba," nikasema, maana mimi hata nikizama huzama nikibishana, "mmeloweka miaka tisa, na maranda yalikuwa mapya kila mara. Mbona hayakuruka?"

"Hapo hapo ninapokutaka. Sisi hatujabadilika. Metali haijabadilika. Kimebaki nini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Pipa," akasema. "La zamani lilikuwa jeupe. Hili la sasa ni la buluu, limeingia mwezi huu, na harufu yake ni nyingine. Kinyonga, wa kerezo la jirani, analalamika kwamba akinawa nalo kichwa kinamgonga siku nzima."

"Mnanawa nalo mikono?"

"Kwani yale mafuta unadhani hutolewa kwa maombi?"

Mama akakisogeza kikombe changu. "Kunywa. Kisha utafute namna ya kulifuta ulilolisema."

"Kesho saa nne ndiyo kikao," mjomba akasema. "Barua inasema nitapewa nafasi ya kujieleza."

"Barua ikisema hivyo," mama akasema, "ujue wenyewe wameshamaliza kujielezana."

*

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya pipa la buluu. Lebo ilikuwa imegeuziwa ukutani. Nililikumbatia pipa, nikalizungusha, nikasoma: METHANOLI KAVU, yaani isiyo na hata tone la maji.

La zamani lilikuwa ethanoli. Watu wa stoo watakwambia ni ndugu, na kweli ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ila ndugu hawafanani tabia. Ethanoli ukiichanganya na magnesiamu, hata ikiwa mpya kutoka kisuni, vitakaa kwa adabu mpaka uchochee. Methanoli haingojei mchochezi. Tena ni sumu: ukiinywa inapofusha, na mlango wake mwingine ni ngozi.

"Nani alibadilisha?" nikamwuliza mtunza stoo.

"Ofisa ununuzi. Alisema hii ni rahisi, na alkoholi ni alkoholi."

"Na wewe ukaniletea bila kuniambia?"

"Dada yangu, uliniambia nilete inayotumika. Nilikuletea inayotumika. Pipa liko pale pale, na wewe una macho mawili."

Nikatoka mbio kwenda kwa Kinyonga, mkereza mwenzake mjomba, aliyepewa jina hilo kwa sababu jicho lake moja hukaa kwenye kisu na jingine kwenye mlango anakotokea meneja. Nikamwambia asinawe tena na kitu kile, na anikereze maranda mapya ya kujaa kiganja, yasiguswe mafuta.

"Bi Chupa, wewe si ndiye uliyemchoma Dohani kwa karatasi?"

"Ndiye."

"Sasa unataka maranda ya nini?"

"Ya kumchomoa."

Jicho moja likanitazama. Kisha akawasha kerezo.

Nilipanga bilauri nne juu ya benchi la mjomba. Metali kuukuu na ethanoli, nilikuwa nayo chupa moja kabatini. Metali kuukuu na methanoli. Metali mpya na ethanoli. Metali mpya na methanoli. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, ule ukimya wangu wa kwanza ule ule. Safari hii sikuondoka. Dakika ya kumi na nane, kwenye bilauri ya nne, kiputo kimoja kikaachana na randa, kikapanda juu kama mtu aliyekumbuka jambo. Kikafuata kingine. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu. Zile tatu nyingine zilibaki zimelala.

Kosa langu la pili ndilo hilo: niliangalia saa nikaondoka. Nilimpa dakika kumi mtu aliyehitaji kumi na nane.

*

Ofisi ya meneja ina zulia, na kiyoyozi ambacho hakizimwi. Mjomba alikaa upande mmoja wa meza, mkono umening'inia shingoni. Upande wa pili walikaa meneja, ofisa ununuzi aliyefunga vifungo vyote vya koti lake, na mama mmoja wa ofisi ya utumishi ambaye sote tunamwita Bi Utumishi. Mbele yake palikuwa na fomu. Niliweza kuisoma kichwa chini miguu juu. "Mwenye kosa:" na mbele yake, jina la mjomba, tayari limeshapigwa chapa.

"Binti," meneja akasema, "hukuitwa. Ushahidi wako tunao, umeandika vizuri sana."

"Nimeandika vizuri, nimepima vibaya. Nimekuja kuuondoa."

"Kuuondoa?" Ofisa ununuzi akatabasamu. "Jana ilikuwa sayansi, leo imekuwa ukoo?"

"Ukoo ulikuwepo hata nilipoandika, kaka. Haukunizuia kukosea."

Mjomba akakohoa kuficha kicheko. Bi Utumishi akaniambia, kwa upole kidogo, kwamba kikao kina nusu saa. Nikasema nusu saa inanitosha. Nikaweka bilauri mezani, nikamimina methanoli kutoka pipa la buluu, nikatia maranda ambayo Kinyonga alikuwa ameyakereza robo saa iliyopita. Nikawaeleza habari ya utando, habari ya mapipa mawili, habari ya kungoja.

Tukangoja.

Dakika kumi na nane zikafika, zikapita. Ishirini na mbili. Maranda yamelala chini yanang'aa, hayana habari na mtu. Ishirini na tano. Ofisa ununuzi akainama, akaweka sikio karibu na bilauri.

"Nasikia," akasema. "Inakoroma."

Meneja akacheka. Hata Bi Utumishi alibana midomo. Meneja akachukua karatasi yangu, ile yenye muhuri, akaniinulia usoni. "Binti, kalamu yako inakushinda ubishi. Soma mwenyewe. Haimenyuki katika joto la kawaida la chumba. Hiki ni chumba?"

"Ni chumba."

"Basi."

Jasho lilinitoka, na hapo hapo nikahisi linanipoa mgongoni kama kitambaa kilicholowa. Baridi. Mikono yangu ilikuwa na vipele vya baridi, na mjomba alikuwa ameukumbatia mkono mgonjwa kwa ule mzima. Nilitia mkono mfukoni mwa koti la maabara, nikatoa kipimajoto, nikakiweka mezani katikati yao.

"Kumi na saba," nikasema.

"Kumi na saba nini?"

"Nyuzi. Humu ndani. Mnajua karakana ni ngapi, chini ya mabati yale, hata mapema hii? Nimepima leo. Thelathini na tatu. Na madebe yalikaa siku mbili, mchana kutwa, bati juu na bati chini. Mheshimiwa, umeniuliza kama hiki ni chumba. Nami nakuuliza, joto la kawaida la chumba kipi? Cha anayefanya kazi, au cha anayesaini?"

Meneja akakigeuza kipimajoto kifudifudi.

"Kikao kimekwisha," meneja akasema.

"Hakijaisha. Bi Utumishi amesema nusu saa, bado dakika nne." Nikaibeba bilauri kwa mikono miwili. "Naenda nayo karakana. Sibadilishi metali, siongezi tone, msije mkasema nimeroga. Mnaotaka kujua kilichomuunguza mtu wenu, nifuateni. Msiotaka, kaeni hapa mpigwe na baridi."

"Ukitoka na hiyo kitu," meneja akasema, "usirudi."

"Nikirudi sitarudi mikono mitupu."

Nilitoka. Nilitembea polepole, kwa sababu nilikuwa nimebeba methanoli na mimi si mjinga. Nyuma yangu nikasikia kiti kimoja kikisogezwa. Mjomba. Kisha kingine, viatu vyenye kisigino: Bi Utumishi na fomu yake. Wale wanaume wawili walikawia kidogo. Kisha nadhani waliona aibu kubaki peke yao na kipimajoto.

*

"Zimeni mashine!" nikapiga kelele mlangoni. "Jiwe la kunolea kwanza. Pasiwe na cheche hata moja!"

"Nani kaamuru?" mtu akauliza.

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

Kinyonga akanyoosha mkono, akazima jiwe la kunolea. Halafu kerezo lake. Moja baada ya jingine mashine zikazimika mpaka ukasikia mabati yakilia kwa jua. Sijawahi kuisikia karakana ile ikiwa kimya mchana. Meneja aliingia akakuta watu thelathini wamesimama mikono mitupu, na kila dakika yao akaihesabu kwa macho.

Niliweka bilauri kwenye benchi la mjomba. Pale bati la ukuta lina tundu, jua huingia likapiga juu ya mbao. Mfukoni nilikuwa na glavu nyembamba ya mpira. Nikaivisha mdomo wa bilauri, nikaifunga kwa uzi, vidole vitano vikaning'inia kando vimenywea.

"Tunangoja nini?" meneja akauliza.

"Joto la kawaida," mjomba akamwambia.

Dakika ya kwanza. Ya tatu. Ofisa ununuzi alianza kusema kitu kuhusu muda wa uzalishaji. Dakika ya tano, kiputo. Mimi nilikiona peke yangu, sikusema. Dakika ya sita Kinyonga akasema, "Ebo!" na watu wakasogea. Maranda yalikuwa yamefunikwa lulu ndogo ndogo, na lulu zilikuwa zinang'oka na kupanda mstari mstari, kisha mistari haikuonekana tena, ikawa kitu kimoja kinachofoka. Glavu ikatikisika. Kidole gumba kikajaa kwanza, kikasimama. Kikafuata cha shahada. Polepole, mbele ya watu thelathini, mkono mzima ukainuka juu ya bilauri, umevimba, umenyooka, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Tazameni," mjomba akasema. "Mkono wangu huo, umepona."

Karakana ikapasuka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilimgeukia meneja.

"Weka kiganja chako ubavuni mwa bilauri."

"Naona inatosha."

"Weka, Mheshimiwa."

Aliweka, akaondoa upesi. Ilikuwa imepata moto, na hapakuwa na moto.

"Hiyo ni haidrojeni," nikasema, na nikapaza sauti ili na wa nyuma wasikie. "Ni maranda ya kiganja kimoja, kwa dakika chache. Debe lina maranda ya karai zima, lilikaa siku mbili na kifuniko kimebanwa. Ukifungua komeo, gesi inatoka na kifuniko chake, inakutana na cheche za jiwe. Kifuniko kwanza, moto baadaye. Alivyosema yeye, akiwa chali, siku ile ile. Na ncha ya sigara iliungua kwa sababu uso wake wote uliungua."

Nilifungua uzi, nikaiacha glavu ipumue mbali na watu, chini ya dirisha.

Meneja akanivuta kando, hatua mbili tu, lakini kwa sauti ya mtu anayekusitiri. "Sikiliza. Umeeleza vizuri, nakubali. Tufanye hivi. Tunaandika ajali, chanzo hakikujulikana. Mjomba wako anarudi kazini mkono ukipona. Karatasi yako nakurudishia mwenyewe, unaichana, hakuna atakayejua ulipima vibaya. Kijana kama wewe, jina ndilo mtaji. Kila mtu anakwenda nyumbani salama."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesikia. Uso wake usio na nyusi haukunisaidia kitu. Angekubali, nilijua angekubali, ana miaka kumi na tisa mle ndani na watoto watatu, na mimi ndiye niliyemtia humo. Nikaona nikikubali nitakuwa nimemwokoa leo. Na pipa la buluu lingebaki stoo lebo ikitazama ukuta, Kinyonga akinawa, na Ijumaa mtu mwingine akibana komeo.

"Chanzo kinajulikana," nikasema kwa sauti ile ile ya kwanza, ya watu wote. "Kimeinua mkono mbele yenu sasa hivi. Na nilipima vibaya. Nilitumia metali kuukuu, sikuikwangua, sikusoma lebo, na niliondoka kabla ya wakati. Watu wote hapa wajue. Jina langu si glasi, halitavunjika kwa kuanguka mara moja."

"Unajiharibia," meneja akasema.

"Najirekebisha."

Bi Utumishi alikuwa amesimama karibu na kerezo la Kinyonga, fomu kifuani. Akavua miwani. "Sasa mimi niandike nini? Fomu inataka mwenye kosa. Nafasi yenyewe ni ya jina moja."

"Nipe kalamu, mama."

Alisita. Halafu akanipa, na fomu juu yake. Niliitandika benchini, nikailainisha kwa kiganja kilichokwisha kauka jasho: jina la mjomba nikalikata mara moja, mstari mmoja ulionyooka, bado lisomeke ili ijulikane nani alisingiziwa. Bi Utumishi akainama, akatia saini yake fupi pembeni ya mkato. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nafasi ilikuwa imejaa, basi nikapiga mistari mingine miwili chini yake kwa ukingo wa rula ya chuma. Kwenye wa kwanza nikaandika jina langu, yote matatu, na mbele yake: alipima vibaya, akathibitisha.

Mstari wa pili niliuacha wazi. Nikaigeuza fomu, nikaisukuma juu ya benchi, nikamnyooshea ofisa ununuzi kalamu.

"Zamu yako, kaka. Andika na jina la kilichomo kwenye pipa, kwa kirefu."

"Mimi si mtaalamu wa kemia," akasema.

"Mimi ni mtaalamu, na nimeandika la kwangu."

Akamtazama meneja. Meneja akazitazama mashine zilizozimwa. Watu thelathini walikuwa wakitutazama sisi, na Kinyonga, macho yote mawili mahali pamoja kwa mara ya kwanza, alikuwa ameweka kiganja juu ya swichi ya kerezo lake na hakuwa na haraka ya kuibonyeza.

"Tuna siku nzima," mjomba akasema, akajivutia kigoda kwa mkono wa kushoto, akakaa.